Kiraka cha Nekesa Kilivyofika Riyadh

Kosa langu la kwanza nililifanya Tanga, chumbani kwangu, miezi mingi kabla sijapanda ndege. Nilisafisha majina ya nyimbo.

Nieleze, maana si wote mnaonisimamisha njiani na kuniuliza "Twaha, safari ilikuwaje?" ni watu wa hevi metali. Kuna bendi moja ya Ulaya, ya wanaume wanne walioanza kupiga magitaa kabla sisi hatujazaliwa. Mimi na wenzangu tunawaita Wazee, basi. Baada ya kimya kirefu walitoa albamu mpya, jalada lake kijivu tupu lenye mstari mmoja mweupe ulioinama. Mashabiki wa Kiswahili tuna kundi letu kwenye simu, na mimi ndiye niliyeinunua albamu na kuwagawia wengine. Kabla ya kuwatumia, niliona majina ya mafaili yamekaa ovyo: namba mbele, vistari, nukta, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Mimi kitu kilichokaa ovyo kinaninyima raha. Hata vijiko vya nyumbani navilaza upande mmoja. Nikafuta namba zote, nikabakiza majina matupu, nikatuma.

Simu isipoona namba hupanga nyimbo kwa alfabeti. Kwa hiyo kundi zima liliisikia albamu ya Wazee ikiwa imevurugwa: wimbo wa kwanza ulikuwa karibu na mwisho, wa mwisho uko katikati, na nyimbo zilizotengenezwa ziingiane zilikuwa zimeachanishwa. Hatukujua. Mimi, niliyejifundisha gitaa na uhakiki peke yangu na ninayeogopa kila siku kugundulika kwamba sijui kitu, nikarekodi maoni yangu kwa sauti nzito: "Nyimbo zinakatika kama umeme. Hata pumzi ya mwimbaji hawakuisafisha. Wazee wamechoka." Watu wakaniunga mkono. Mwalimu Kileo wa Arusha akaandika, "Sasa wakalee wajukuu."

Mtu mmoja tu alikataa. Nekesa, Mkenya anayefanya kazi za ndani Jeddah, hakuwa amechukua mafaili yangu. Albamu aliipata kwa shabiki mwingine, yote ikiwa kipande kimoja kirefu. Akaandika kwamba hawajawahi kutoa nzuri kama hii, na kwamba mimi nimeisikiliza vibaya. Mtu mmoja akamjibu kuwa upweke wa Uarabuni hufanya kila kitu kisikike kitamu. Mimi niliweka kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Tangu hapo Nekesa hakuandika tena kundini.

Tatizo ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kizibao.

Kizibao chetu ni cha jinzi, hakina mikono. Kimekuwa kikipita kwa mashabiki mkono kwa mkono, na kila anayekipokea anashona kiraka chake: fuvu, radi, jina la mji wake, apendacho. Sheria ni mbili. Kiraka cha mwenzako hukigusi. Na wa kwanza kati yetu atakayewaona Wazee jukwaani kwa macho yake atakivaa siku hiyo, ili sote tuwe tumefika. Wazee walipotangaza kuja Riyadh, na mimi nikapata njia ya kwenda, ilibidi kwanza nipite Jeddah kwa mtu niliyemcheka.

Dar hadi Jeddah

Ndege ilichelewa. Hakuna aliyetuambia kwa nini, na mimi kitu nisichoelezwa nakijaza mwenyewe, tena kwa mabaya. Nilikuwa nimekwishaizika ndege, mizigo na mimi mwenyewe, bibi mmoja aliyekaa jirani aliponipa pakiti ya kashata.

"Kula, mwanangu. Unatetemesha benchi zima."

Alikuwa na wenzake, kina bibi wa umra, wote na mitandio ya rangi moja. Aliitwa Bi Zuhura. Akanitazama fulana yangu nyeusi yenye radi kifuani.

"Hiyo ndiyo sare ya kikundi chenu?"

"Ndiyo, bibi," nikasema. Kwa namna fulani ilikuwa kweli.

"Kiongozi wenu yuko wapi?"

"Sina kiongozi."

"Basi njoo kwetu. Wetu kakwama kwenye foleni ya nyuma."

Ndivyo nilivyoingia Jeddah nikisukuma mkokoteni wa mabegi ya watu nisiowajua, nyuma yangu mlolongo wa kina bibi walioshikana nguo. Afisa mmoja akaniuliza kikundi chetu kinaitwaje. Kabla sijafungua mdomo Bi Zuhura akanijibia, na kwa dakika chache nikawa kiongozi wa umra.

Umra yenyewe niliifanya, maana ndiyo sharti aliloniwekea mama. Hiyo sitaiandika hapa. Ni yangu, na iko mahali pake.

Bani Malik

Jeddah nilifikia kwa Makame, Mzanzibari anayetengeneza viyoyozi. Mama yake na mama yangu wanafahamiana. Anaishi Bani Malik na wenzake wa kazi, kwenye fleti yenye ngazi nyembamba na harufu ya vitunguu kila mlango. Jioni hiyo alipika wali kwa tui la kopo na samaki wa kukaanga, akasema tui la kopo ni dhambi lakini ndogo.

Nikamwekea Wazee asikie. Alisikiliza kwa adabu mpaka gitaa la pili lilipoingia.

"Yakhe, huu mziki au compressor imekufa?"

"Ndiyo wenyewe."

"Wallahi mie nikiisikia sauti hii kwenye kiyoyozi cha mtu, nnamwambia anunue kipya." Akachota wali. "Na umetoka Tanga kwa ajili ya hiki?"

"Na kizibao."

Nikamweleza habari ya kizibao, viraka na Nekesa. Aliacha kutafuna.

"Hebu ngoja. Huyo dada ulimcheka, akanyamaza. Leo unakwenda kumwambia nini?"

"Nitamwomba kizibao."

"Hiyo ndiyo salamu yako?" Akatikisa kichwa. "Basi mie nakusindikiza mpaka kituo cha teksi tu. Nisihusishwe."

Usiku nililala kwenye godoro kando ya jiko, nikipanga maneno ya kumwambia Nekesa. Niliyapanga, nikayapanga upya, nikaondoa neno "samahani" kwa sababu sikuona nimekosea wapi. Albamu niliisikiliza. Ilikuwa mbovu. Ndivyo nilivyoamini.

Foleni ya tamis, Al-Rawdah

Nekesa haishi mahali anapoweza kupokea mgeni. Anaishi kwa madam wake, Al-Rawdah, mtaa wa kuta ndefu na miti iliyokatwa ikalingana, kiasi kwamba mtu wa aina yangu angeweza kuhamia kwa sababu ya miti tu. Aliniandikia kwamba asubuhi hutumwa tamis, ile mikate mikubwa bapa inayotolewa motoni, na kwamba muda wa mkate ndio muda wake. Nimfuate dukani.

Nilimjua kwa mfuko mkubwa aliobeba. Alikuwa mfupi, mkavu wa sura, anatembea haraka.

"Wewe ndio Twaha?"

"Ndiyo, dada."

"Enyewe nilidhani wewe ni mrefu. Kwa simu una sauti ya mtu mrefu." Akasimama kwenye foleni, macho mbele. "Usinitazame sana, tazama mkate. Hapa wananijua, story itafika kwa madam kabla ya mkate."

Nikautazama mkate. Muokaji alikuwa anatandaza unga kwenye mto wa kitambaa na kuubandika ndani ya tanuri kwa pigo moja.

"Nimekuja..."

"Najua. Iko kwa bag." Hakunipa bado. "Nikuulize kitu. Ulisikiza ile albam yote?"

"Yote. Mara nyingi."

"Mimi huweka watoto wakilala mchana. Nawasha pasi, inaanza. Ikiisha, wanaamka. Hakuna kitu ingine kwa hiyo nyumba imewahi kunitosha hivyo. Halafu mnaniambia ni upweke." Akavuta pumzi. "Sawa, niko mpweke. Na maskio pia niko nayo."

Foleni ikasogea.

"Wakipiga ule wa nne, nipigie simu," akasema. "Usiongee. Shika tu simu juu. Nitakuwa napiga pasi, nitaweka earphone."

"Wa nne?"

"Wa nne. Ule unaingia wa tano bila kubisha hodi."

"Wa nne unakatika," nikasema. "Unakatika ghafla, kabla ya gitaa kumaliza. Nilisema kwenye rekodi."

Hapo akanitazama, hata akasahau habari ya majirani.

"Haukatiki."

"Unakatika, dada. Nimeusikiliza kwa spika nzuri."

"Basi hatuzungumzii kitu moja," akasema, na kwa kweli hatukuwa tunazungumzia kitu kimoja, ila hakuna kati yetu aliyejua kwa nini. Mkate wake ulitoka, akaufunga kwenye karatasi. Ndipo akanipa mfuko. "Kiraka changu usiguse."

"Sheria naijua."

"Unaijua. Lakini si wewe ndio yule wa kupangapanga vitu?"

Akaondoka na mkate wa moto kifuani, bila kugeuka. Nilibaki na mfuko na maneno yangu yote niliyoyapanga. Muokaji akanisemesha, "Yalla, kam?" akitaka kujua nataka mingapi. Nikanunua mmoja, nikaula mkavu nikiwa nimesimama.

Basi

Basi la Riyadh liliondoka asubuhi iliyofuata. Baada ya milima ya Taif nchi inafunguka ikawa tambarare ya mchanga na mawe, muda mrefu, bila kitu cha kuhesabu. Nikatoa kizibao mfukoni.

Kilikuwa kizuri. Fuvu la Mwalimu Kileo, mlima wa yule wa Moshi, nanga ya Mombasa, vyote vimekaa sawasawa. Na juu ya mfuko wa kushoto, pale panapoonekana kwanza, kitambaa cha kijivu kisicho na chochote ila mshono mmoja mweupe katikati. Albamu ya kijivu. Tena kilishonwa kimelala upande, kona moja juu, kona nyingine chini, kama picha iliyotundikwa na mtu mwenye haraka.

Nilikitazama kilomita baada ya kilomita. Nilijaribu kukifunika kwa mkono. Nilijaribu kukunja kizibao. Kila nilipofumbua macho kilikuwa bado kimepinda. Nikajiambia nitakinyoosha tu, nitakitoa na kukirudisha pale pale, kikiwa sawa, na yeye mwenyewe atashukuru. Nikatoa kikata kucha, nikaanza kukata uzi.

Nitasema na kile ambacho sikujiambia wakati huo. Nilipomaliza upande wa kwanza nilisikia raha, na haikuwa raha ya kunyoosha. Nilifikiria kizibao bila kiraka hicho. Nilikata upande wa pili, kisha wa tatu.

Kijana aliyekaa jirani alikuwa akinitazama muda wote. Akagusa fuvu la Mwalimu Kileo kwa kidole.

"Wazee?" Yeye alitaja jina lao kamili, na uso wake ukafunguka.

Aliitwa Rayan, mwanafunzi wa chuo huko Riyadh, alikuwa anarudi kutoka kwao Jeddah, na tiketi ya tamasha lile lile anayo. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha madrasa, nikatia kila irabu mahali pake. Akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka.

"Unaongea kama khatibu wa Ijumaa!"

Tukaendelea kwa Kiingereza changu kibovu na chake kizuri, na Kiarabu pale tulipokwama. Hapo ndipo kiyoyozi cha basi kilipokufa. Dereva, Mpakistani mwenye mashavu mekundu, akaingia kituo cha mafuta, akazima injini na kutangaza, "Halas. Mukeyif mafi." Kiyoyozi hakuna. Tukashuka wote kivulini. Nilimkumbuka Makame.

Kukarabati kulichukua muda. Rayan akanunua chai ya maziwa na sinia dogo la wali na kuku, tukala kwa mkono kwenye sinia moja, kisha akanipa kidude kimoja cha sikio, yeye akachukua kingine.

"Albamu ya mwisho. Wewe unaipenda?"

"Hapana," nikasema. "Nyimbo zinakatika."

"Zinakatika?" Akanitazama kama nimesema jua la Riyadh ni baridi. "Mimi pia mwanzo sikuipenda. Kaka yangu akaniambia, iweke ukitoka Jeddah, usiisimamishe. Sikiliza."

Ikaanza. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule ambao mimi niliujua kama wa karibu na mwisho. Nilidhani ameuchagua. Ukaisha, na mlio wake wa mwisho ukawa ndio mlio wa kwanza wa wimbo uliofuata. Nikaacha kula. Ule ambao mimi nilikuwa nimesema unaanza kutoka hewani, haukuanza kutoka hewani. Ulikuwa unapokea mlio wa wimbo uliotangulia.

"Huu ni wa ngapi?" niliuliza baadaye, huku nikijua.

Rayan akageuza simu. Mbele ya jina kulikuwa na namba. Nne.

Katikati ya wimbo ule magitaa yananyamaza, na unamsikia mwimbaji akivuta pumzi, pumzi ya mtu mzima aliyepanda ngazi. Kisha anaimba kwa sauti ya chini kuliko zote alizowahi kuimba.

"Hiyo pumzi," nikasema.

"Ni mzee. Anapumua," akasema Rayan. "Ulitaka afanyeje?"

Kisha wimbo wa nne ukaingia wa tano bila kubisha hodi.

Nikaomba nione jalada kwenye simu yake, kwa ukubwa. Ule mstari mweupe unaanzia juu kushoto na kushuka kidogo kuelekea kulia. Nikatandaza kizibao gotini. Nekesa alikuwa ameshona mstari sambamba na kingo za kitambaa, halafu akakilaza kitambaa upande ili mstari ushuke vile vile unavyoshuka. Ningekinyoosha, mstari ungekuwa umelala sawa kabisa, na albamu isingekuwa ile tena. Kiraka kilikuwa sahihi. Sasa kilikuwa kinaning'inia kwa upande mmoja, na mimi ndiye niliyekining'iniza.

Nilikuwa nimewasafishia watu wote albamu ile mpaka ikaharibika, kisha nikawashawishi kwamba imeharibiwa na Wazee. Aliyesema kweli tulimwambia ni mpweke. Na sasa nilikuwa nimebeba kitu pekee alichoniamini nacho, nacho nimekifumua.

Basi likawaka. Niliketi nimekishika kiraka kwa vidole viwili mpaka Riyadh.

Batha

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Batha, mtaa wa maduka ambako Rayan aliniambia mafundi cherehani wamejaa. Nilimkuta mmoja, Mbengali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kanzu nyeupe zimetundikwa nyuma yake kama darasa lililosimama. Nikamwonyesha kiraka na kazi ninayotaka: akirudishe kama kilivyokuwa.

Akakivuta kikawa sawa, akabana pini.

"La, la," nikasema. Nikakirudisha upande.

Akanitazama, akakinyoosha tena. Nikakipindisha.

"Hadha mafi kuwais," akasema. Hii si nzuri. Akanionyesha kanzu moja baada ya nyingine, kola zake, mishono yake. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlango wake, na kwa ishara na maneno machache nikaelewa: hakuna nguo iliyowahi kutoka mlango ule imepinda, na haitaanza leo.

"Nakuomba, rafiki yangu. Kipindishe."

"Mafi."

Mimi, Twaha, ninayelaza vijiko upande mmoja, nilikuwa nimesimama Riyadh nikimsihi mtu ashone kitu upande. Angeniona mama asingeamini.

Mwisho akanisukumia sindano, uzi mweupe na kigoda, akageuza uso wake ukutani asishuhudie. Nikakaa pale kati ya kanzu, nikakiinua kiraka kwenye mwanga. Kwenye jinzi, matundu ya sindano ya Nekesa yalikuwa bado yapo, madogo, yamekaribiana. Nikayafuata moja moja. Sikuwa nimewahi kushona. Nilijichoma, nikafumua, nikarudia. Mahali pengine uzi ulijikusanya kama chawa. Nilitaka kukifumua kizima nianze upya, na nikajua kwamba nikianza upya yale matundu yatachoka, na njia itapotea. Nikauacha uzi ule mbaya ukae.

Nilipomaliza, fundi aligeuka, akakitazama na kusikitika. Hakutaka malipo. Nadhani aliona aibu kuhusishwa.

Tamasha

Rayan alinichukua kwa gari la binamu yake. Langoni kulikuwa na vijana wa kanzu, vijana wa jinzi, na wasichana waliovaa fulana za Wazee juu ya abaya. Mlinzi alikikagua kizibao. Mafuvu akayapita, radi akaipita, akasimama kwenye kile cha kijivu.

"Hii nini?"

"Rafiki yangu," nikasema kwa Kiarabu cha khatibu. Akaniruhusu.

Wazee walipotoka jukwaani nililia kidogo, sitaki kulizungumzia sana. Walikuwa wadogo kuliko nilivyodhani, na mpiga ngoma alivaa miwani. Walipiga za zamani, uwanja ukaimba. Kisha walipoanza za albamu ya kijivu nikaona kwa macho yangu kile kilichokuwa kikitokea kundini kwetu: watu waliketi, wengine wakaenda kununua chakula. Jamaa mmoja mbele yangu akasema kwa sauti, na Rayan akanitafsiria, kwamba sasa ndio wakati wa kwenda msalani.

Taa zikashuka. Niliujua kwa mlio wa kwanza. Nikapiga simu.

Nekesa akapokea. Nilisikia mvuke wa pasi, nikainua simu juu ya kichwa.

Walipofika katikati, magitaa yakanyamaza. Mwimbaji akasogeza kinywa karibu na kipaza sauti, na uwanja wote tukamsikia akivuta pumzi. Kando yangu mtu mmoja mnene alikuwa anarudi na vibanzi vyake. Akasimama pale pale, kibanzi mkononi, asile. Kisha ile sauti ya chini. Niliona watu waliokuwa wamekaa wakisimama mmoja mmoja, si wote, ila wengi.

Wa nne ukaingia wa tano. Mkono ulikuwa unauma na sikuushusha. Baadaye nilipotazama simu, ilikuwa imekatwa, na ujumbe umeingia: "Mtoto ameamka. Nimeskia yote ya maana."

Kurudi Jeddah

Nilirudi kwenye foleni ya tamis. Nilikuwa nimepanga maneno tena njia nzima, safari hii na neno "samahani" likiwa la kwanza. Sikuhitaji. Nilimpa Nekesa mfuko, akakitoa kizibao, akapitisha kidole pembeni mwa kiraka chake, akasimama kwenye ule uzi uliojikusanya.

"Ulikitoa."

"Nilikitoa. Nilitaka kukinyoosha. Hapana, nilitaka kisiwepo." Nikautazama mkate. "Halafu nikaisikia albamu kwa mpangilio wake. Kwenye mafaili niliyowatumia watu nilifuta namba, dada. Kundi zima waliisikia imevurugwa. Wa nne wangu haukuwa wa nne wako. Ulikuwa sahihi, na nilikucheka. Samahani."

Foleni ikasogea, akasogea nayo, nikasogea.

"Hiyo nguo ya kijivu ni pindo la uniform yangu ya kwanza hapa," akasema mwishowe. "Nilishona kwa usiku, na tochi ya simu. Na bado imekuwa poa kuliko hii yako."

"Nilifuata matundu yako."

"Naona." Akakikunja kizibao taratibu. "Ulishonea wapi?"

"Kwa fundi, Riyadh. Alikataa kukigusa mpaka kinyooshwe. Akageukia ukuta."

Akaanza kucheka, akajiziba mdomo na mfuko, muokaji akatutazama. Alipomaliza macho yalikuwa na maji.

"Utawaambia wale?"

"Leo."

"Usiwaambie mimi nilikuwa right. Hiyo haitanisaidia. Waambie wasikize." Akachukua mkate wake, akaumega, akanipa kipande kinachotoa moshi. "Na ulete namba zao zote, ile order yenyewe."

Kizibao akanirudishia nikipeleke kwa anayefuata. Akavuka barabara.

Niliwatumia tena mafaili nikiwa uwanja wa ndege, yakiwa na namba zake, vistari vyake na nukta zake, pamoja na maelezo ya nilichofanya, basi na kikata kucha vikiwemo. Wengine walinitukana, kwa haki. Mmoja alisema kwamba hata kwa mpangilio Wazee bado wamechoka, na hiyo ni haki yake, maana safari hii amewasikia wao. Siku kadhaa baadaye Mwalimu Kileo akaandika "Dah", na siku iliyofuata, "Dada Nekesa, uko?"

Akajibu, "Niko."

Sasa kizibao kiko Mwanza, kwa muuguzi mmoja anayeshona vizuri kuliko sisi sote, na ameambiwa asikiguse kile cha kijivu. Ile rekodi yangu ya kwanza sikuifuta. Nimeiacha pale ilipo, na chini yake nimeweka ya pili. Faili likinijia na namba mbele ya jina, naiacha namba. Nekesa anaandika kundini karibu kila siku, mara nyingi mchana, watoto wakiwa wamelala.